Pampu Ikiharibika, Tusianze na "Ni Nani?"

(Maneno tuliyowaambia wajumbe wa vikundi vya kujisaidia waliokutana Eldoret.)

 

Leo tuna jambo moja tu. Kifaa cha kikundi kikiharibika, huwa tunafanya nini? Mnajua wenyewe. Pampu ya kisima ikikataa, swali la kwanza ni nani aliyevuta mwisho. La pili, mweka hazina anaulizwa pesa za spea ziko wapi. Baadaye tunachanga, fundi anakuja, anabadilisha mpira wa pistoni, na ule wa zamani anautupa majanini. Baada ya miezi miwili, maji hakuna tena. Mara ya tatu watu hawachangi. Akina mama wanarudi mtoni na mitungi, watoto wanarudi kuhara, na kikundi kinakufa bila mtu kujua kilichokiua.

Wahandisi hawafanyi hivyo, au tuseme, wale wazuri hawafanyi hivyo. Kwao kitu kilichovunjika ni shahidi. Wanakitunza, wanakiangalia, wanakiuliza.

Twende kidogo pwani, maana kuna mfano wa hapa hapa Kenya. Mwaka 1983 ulianzishwa mradi wa kujaribu pampu za mkono katika wilaya ya Kwale, kusini ya Mombasa. Siku hizo pampu nyingi za Afrika zilikuwa zinakufa mapema, na wakubwa walizoea kusema wanakijiji hawajui kutunza vitu. Lakini walipoangalia kwa makini kazi yenyewe ya kutengeneza, waliona jambo lingine. Ili kubadilisha kipande kidogo cha mpira kilicho chini kisimani, ilibidi kuvuta juu mabomba yote mazito ya chuma. Kazi hiyo ilitaka vyuma vya kunyanyulia, watu wengi wenye nguvu, na gari la mafundi kutoka mjini. Gari lisipokuja, pampu imekufa. Sasa hapo mama wa kijiji ana kosa gani?

Basi jibu halikuwa kuwahubiria watu. Ilibadilishwa pampu. Kutokana na kazi ya Kwale na ya Malawi katika miaka hiyo ya 1980 ikatokea pampu ya Afridev, ambayo baadhi yenu mnayo. Bomba lake la chini ni la plastiki. Pistoni inatoka juu kwa kupitia ndani ya bomba hilo, bila kung'oa bomba. Fito zake zinashikana kwa ndoano, na spana moja inatosha kwa karibu kazi yote. Huko Kwale akina mama walifundishwa na wakaitengeneza wenyewe.

Turudi kwetu. Njia ni kuuliza "kwa nini" mara nyingi, mpaka tufike mahali ambapo mikono yetu inaweza kubadilisha kitu. Inasemekana ilianza na Sakichi Toyoda wa Japani, yule aliyebuni mashine ya kufuma inayosimama yenyewe uzi ukikatika. Wengine wanasema uliza mara tano. Sisi tunasema msihesabu, ulizeni tu.

Tuseme maji hayatoki. Kwa nini? Mpira umelika. Kwa nini umelika upesi hivyo? Ukiushika vidoleni unasikia mchanga. Mchanga umetoka wapi? Sakafu ya kisima ina ufa, na mvua inaingiza udongo. Kwa nini sakafu imepasuka? Ng'ombe wanakanyaga hapo wakinywa maji yanayomwagika. Basi dawa yake ni ua, mtaro, na birika la ng'ombe mbali na kisima. Ufa nao uzibwe, maana panapopita udongo hata uchafu wa ng'ombe unapita, na hayo maji tunawapa watoto. Mpira mpya peke yake ungekuwa pesa za bure.

Lakini angalieni, kila jibu lazima lijaribiwe. Kukaa chini ya mti na kukisia si uchunguzi. Chukueni mfano wa maji mekundu. Watu husema, "Maji ya hapa ni mabaya," wanakiacha kisima. Jaribuni hivi: asubuhi kabla mtu hajavuta, jazeni chupa moja. Endeleeni kuvuta kwa muda mrefu, halafu jazeni ya pili. Kama ya kwanza ni nyekundu na ya pili ni safi, inaelekea ni kutu ya mabomba ya chuma, na mabomba hubadilishwa. Kama zote ni nyekundu sawasawa, chuma kiko ndani ya maji ya ardhini, na mabomba mapya hayatasaidia. Chupa mbili tu, na hakuna aliyegombana.

Nunueni daftari la shule. Andikeni tarehe, kilichovunjika, kilidumu muda gani, na fundi alifanya nini. Kile kipande kilichovunjika msimwachie fundi, kifungeni kwa karatasi na kuandika tarehe juu yake. Vipande vitatu vilivyolika upande ule ule vinasema kitu ambacho kimoja hakiwezi kusema.

Mjumbe mmoja alituuliza: je, tukikuta kweli ni mtu, kwa mfano kijana aliyefungua nati akaenda kuuza chuma? Mzee wa kijiji ashughulike naye, ndiyo. Lakini kikundi bado kiulize: spana aliipata wapi? Inakaa nyumbani kwa nani? Na kwa nini nati zilikuwa zimekosekana wiki nzima kabla mtu hajaona?