SURA YA RAIS KATIKA STEMPU, NA HAKI YA MFANYAKAZI

(Maneno yaliyosemwa mbele ya wanachama katika darasa la chama)



Leo tumechagua kusema juu ya stempu. Huenda wengine wakauliza: chama cha wafanyakazi kina shughuli gani na stempu? Kazi yetu si mishahara, saa za kazi na likizo? Ndiyo, hiyo ndiyo kazi yetu. Lakini twaomba mtusikilize, maana katika karatasi hiyo ndogo mna habari kubwa ya mishahara.

Stempu ni namna ya risiti. Aliyeibandika ametoa fedha, na posta imeahidi kumfikishia barua yake. Lakini tangu zamani Serikali zimeitumia pia kuwaonyesha watu nani wa kuheshimiwa. Sisi hapa Kenya kwa miaka mingi tulibandika kichwa cha Mfalme au Malkia wa Uingereza, mpaka zilipotoka stempu za Uhuru, Desemba 1963, na moja yao ilikuwa na picha ya Mzee Jomo Kenyatta, naye yu hai.

Wamarekani wana desturi nyingine. Kwao mtu aliye hai hapewi stempu, hata akiwa Rais. Lakini Rais akiisha kufa hakawizwi. Watu wengine mashuhuri hungojewa miaka kadha, bali yeye hutolewa stempu ya ukumbusho katika muda wa mwaka mmoja hivi, na mara nyingi huchaguliwa siku ya kuzaliwa kwake.

Ndivyo alivyofanyiwa Rais John F. Kennedy. Aliuawa kwa risasi mjini Dallas tarehe 22 Novemba 1963. Stempu yake ilitolewa mjini Boston tarehe 29 Mei 1964, siku ambayo angetimiza miaka 47. Bei yake ilikuwa senti 5, ndiyo gharama ya kupeleka barua ya kawaida wakati ule. Rangi yake ni ya buluu na kijivu. Ina picha yake, na kando yake umechorwa ule moto usiozimwa ambao huwaka kaburini kwake, Arlington.

Jina la Kennedy si geni kwetu. Mwezi wa Julai 1960, kabla hajawa Rais, ndugu Tom Mboya, aliyekuwa Katibu Mkuu wa shirikisho la vyama vya wafanyakazi wa Kenya, K.F.L., alimwendea kutafuta nauli za vijana wa Afrika Mashariki waliopata nafasi katika vyuo vya Marekani. Mfuko wa jamaa ya Kennedy ukatoa dola 100,000, na ndege zikaruka. Basi kiongozi wa wafanyakazi ndiye aliyebisha mlango ule, na watoto wa maskini wakapita.

Lakini liko jambo jingine ambalo stempu ile haikulitaja, nalo lawahusu wale wale waliokuwa wakiiuza dirishani na kuipiga muhuri. Tarehe 17 Januari 1962 Kennedy alitia sahihi amri ya Rais namba 10988. Kwa amri hiyo wafanyakazi wa serikali kuu ya Marekani walipata ruhusa ya kuwa na vyama vinavyotambuliwa na wakuu wa idara zao, na kukaa nao meza moja. Watu wa posta hawakulala. Walipiga kura wakachagua vyama vyao, na mwaka 1963 wakapata mapatano yao ya kwanza ya nchi nzima.

Amri hiyo haikushuka kama mvua. Kwa miaka mingi vyama vya posta vilikuwa vikilidai Bunge la Marekani litoe sheria ya namna hiyo. Kennedy alikuta mlango umekwisha kugongwa sana, naye akaufungua. Mnyonge mnyongeni, haki yake mpeni: aliufungua kweli, na wengine waliomtangulia hawakufanya hivyo.

Lakini aliufungua nusu. Chini ya amri ile chama kiliweza kusema juu ya malalamiko na taratibu za kazi, lakini mshahara haukuguswa. Mshahara uliendelea kupangwa na Bunge. Tena kugoma kulikuwa ni kosa la jinai kwa mfanyakazi wa serikali. Ikawa watu wana chama kinachotambuliwa, wana karatasi ya mapatano, na nyumbani chungu hakina kitu.

Twataka mzitazame hesabu zenyewe. Mwaka 1970 mtu wa posta aliyeajiriwa kwa kazi ya siku nzima alianza na dola 6,176 kwa mwaka. Ili afike ngazi ya juu kabisa, dola 8,442, ilimpasa afanye kazi miaka 21. Katika mji wa New York, ambako kodi ya nyumba ni ghali, walikuwapo wapeleka barua wenye watoto ambao mshahara wao ulikuwa mdogo hata wakastahili kupewa msaada wa maskini.

Tarehe 18 Machi 1970 wapeleka barua wa Manhattan na Bronx waliacha kazi, ijapokuwa sheria iliwakataza na ijapokuwa viongozi wa juu wa chama hawakuwaamuru. Mgomo ukaenea mji hata mji, mpaka wakawa zaidi ya watu 200,000. Tarehe 23 Machi Rais Richard Nixon alitangaza hali ya hatari, akawapeleka askari wa jeshi katika posta za New York wakachambue barua. Lakini kuchambua barua kuna ufundi wake, na ufundi huo haufundishwi kwa gwaride. Askari hawakuweza kuziba pengo lile.

Mgomo ulikwisha baada ya siku nane hivi, na mazungumzo yakaanza. Wafanyakazi walipata nyongeza ya asilimia 6, kisha asilimia 8. Miaka 21 ya kupanda ngazi ikapunguzwa ikawa 8. Tarehe 12 Agosti 1970 Nixon, yule yule aliyeleta askari, alitia sahihi sheria ya kutengeneza posta upya, na ndani yake vyama vikapata haki ya kupatana juu ya mshahara. Haki ya kugoma hawakuipata. Wasipopatana, neno hupelekwa kwa mwamuzi.

Nixon naye alifariki tarehe 22 Aprili 1994. Stempu yake ya senti 32 ilitoka tarehe 26 Aprili 1995, kwa desturi ile ile. Watu wa posta waliiuza na kuipiga muhuri kama wapigavyo nyingine zote.

Sasa fikirini, ndugu. Rais mmoja alivitambua vyama vya wafanyakazi. Mwingine aliwaletea askari. Wote wawili wakapewa stempu. Tena sheria iliyowapa wafanyakazi neno juu ya mshahara ina sahihi ya huyu wa pili, si ya yule wa kwanza. Basi kumbe sura haitoshi kutufundisha habari. Kalamu ya mkubwa huandika kulingana na watu waliosimama mbele ya meza yake. Mwaka 1962 walisimama na ombi, wakaandikiwa nusu. Mwaka 1970 walisimama wote pamoja, wakaandikiwa zaidi.

Hatusemi kwamba viongozi wasiheshimiwe. Nchi isiyokumbuka waliotangulia ni kama mtu asiyejua jina la baba yake. Twasema kwamba kumbukumbu ya mfanyakazi isiishie katika picha. Hata posta ya Marekani yenyewe, tarehe 13 Machi 1975, ilitoa stempu ya senti 10 ya kusifu mapatano ya pamoja kati ya vyama na waajiri. Stempu ile haikutolewa kwa heshima ya Rais yeyote. Ilisifu kazi ya kukaa mezani na kupatana.

Na sisi je? Mwaka ule ule wa 1962, mwezi wa Oktoba, Serikali ya Kenya, waajiri na K.F.L. walitia sahihi hati ya uhusiano kazini, na ndugu Mboya ndiye aliyekuwa Waziri wa Kazi. Leo sheria ya mwaka 2007 yamlazimu mwajiri kukitambua chama chenye zaidi ya nusu ya wafanyakazi wanaoruhusiwa kujiunga nacho, na Katiba ya 2010, kifungu cha 41, yatupa haki ya kupatana na haki ya kugoma. Haki hizi ni pana kuliko zile alizotoa Kennedy. Lakini hati ya kutambuliwa haijazi kibaba. Ni mlango tu.

Kwa hiyo twaomba kila tawi lijiulize maneno matatu, na majibu yaletwe katika mkutano ujao. Kwanza: tumetambuliwa tu, au tuna mapatano ya mshahara yaliyotiwa sahihi? Pili: mapatano hayo yanakwisha lini, na mapendekezo yetu mapya yameandikwa? Tatu: katika kila watu kumi wanaoweza kujiunga, ni wangapi wanaolipa ada? Tawi lisiloweza kujibu la tatu lisitegemee jibu jema kwa la kwanza.

Wanachama wapya wafundishwe majina ya viongozi wetu wa zamani, na picha zao zitundikwe ofisini. Lakini wafundishwe pia kwamba mwajiri ataandika kadiri atakavyoona tumesimama wangapi.

Umoja ni nguvu.