Hesabu bila majina

Maneno ya animateri wetu katika mkutano wa wanachama, Baraka



Mliniomba niwapashe habari za safari yangu ya Tanzania. Mafunzo yalikuwa Dar es Salaam. Yalipoisha nilibaki na siku mbili, nikapanda boti mpaka Unguja. Wenzangu walienda kuoga baharini, mimi nikaenda Mkunazini kuona kanisa kubwa la Anglikana. Mtaniuliza: wewe si Mwanglikana, ulitafuta nini kule? Nilienda sababu njia ya kufika pale ilianzia huku kwetu.

Zamani misafara ya pembe na ya watumwa ilitoka Maniema, ikapita Kasongo na Kabambare, ikavuka hili ziwa letu mpaka Ujiji, halafu Tabora, halafu Bagamoyo. Wengi waliishia Unguja, na pale Mkunazini njo kulikuwa soko la kuuzia watu. Tarehe 5 Juni 1873 Sultani Barghash alikubali mapatano ya kulifunga. Siku ya Noeli ya mwaka ule ule, jiwe la msingi la kanisa likawekwa pale pale. Askofu Edward Steere ndiye aliyesimamia ujenzi. Alikufa 1882, na kaburi lake liko nyuma ya altari. Wanasema altari yenyewe imesimama mahali palipokuwa mti wa kuchapia watumwa.

Kanisani kuna nguzo zilizosimamishwa kichwa chini. Tuliambiwa mafundi walikosea askofu akiwa safarini. Tulicheka kidogo. Lakini nje kicheko kiliisha. Kuna shimo, na ndani yake sanamu tano za watu wamefungwa minyororo shingoni. Zilichongwa na Clara Sörnäs mwaka 1998, na minyororo ni ile ya kweli ya zamani. Nikamwuliza kijana aliyetuongoza, "Ndugu, hawa wanaitwa nani?" Akajibu, "Hawana majina, kaka. Hawa ni wote."

Pale nikakumbuka kosa langu mwenyewe, na leo ninalisema mbele yenu.

Siku moja nilikuwa ninapokea watu waliorudi kutoka kambini. Kwenye fishi niliandika hesabu tu: familia ngapi, wanaume, wanawake, watoto. Mama mmoja mzee akaniuliza, "Mwanangu, mie niko wapi humu ndani?" Nikamwonyesha namba. Akasema, "Hiyo ni namba. Mie niko na jina." Nikamjibu kwamba muda ulikuwa mfupi. Baadaye akakuta mtu analima shamba lake. Wazee wakaomba ushahidi kwamba alirudi siku ile. Fishi yangu haikumsaidia kitu. Musimu mzima ulipita bila yeye kupanda hata muhogo.

Wale wa Mkunazini walihesabiwa ili wauzwe. Siye tunahesabu ili tusaidie, sawa. Lakini hesabu bila jina haimtetei mtu siku ya shida.

Kwa hiyo naomba mambo matatu. Kwanza, kila kikundi kiwe na daftari: jina la mtu, la baba na la mama, kijiji alichokimbia, kambi alikokaa, na siku aliyorudi. Pili, tuwaandike pia waliobaki kambini na waliopotelea njiani, sababu watoto wao watauliza. Tatu, daftari liwe mbili, moja kwa katibu, moja kwa mwenyekiti, na lisionyeshwe ovyo kwa kila mpita njia.

Nanyi wafadhili, hesabu mtaendelea kuzipata. Majina yatabaki kwetu, mpaka mwenyewe akubali yatoke. Tusaidieni madaftari, kalamu, na nauli ya makatibu kufika vijiji vya milimani.

Yule mama nilirudi kwake nikamwomba msamaha. Jina lake ni la kwanza katika daftari la kikundi chao. Alilisoma mwenyewe, polepole, akanirudishia kalamu.