Mkutano wa Kila Juma na Faida Yake kwa Vyama Vyetu

(Hotuba ya wajumbe watatu wa Halmashauri, iliyosomwa mbele ya wanachama katika sherehe ya kutimiza miaka kumi ya Chama Kikuu)



Halmashauri ilitutuma watu watatu twende mjini kuwa wageni wa klabu moja ya Rotary, ambayo ilikuwa imeomba kuelezwa habari za kahawa na bei zake. Tulikwenda kufundisha, tukarudi tumefundishwa. Hayo tuliyoyaona ndiyo tunayotaka kuyasema leo, maana yanagusa jambo linalotuuma sote, nalo ni mikutano isiyo na watu.

Yafaa kwanza tueleze Rotary ni kitu gani, kwa kuwa wengi wetu tumezoea kuliona lile gurudumu lenye meno limechorwa kwenye tangi la maji au ukuta wa zahanati, tusijue limetoka wapi. Tarehe 23 Februari 1905, katika mji wa Chicago huko Marekani, wakili aitwaye Paul Harris alikutana na wenzake watatu: mhandisi wa migodi, mwuza makaa ya mawe, na mshona nguo. Harris alikuwa amelelewa katika mji mdogo ambako watu hujuana. Huko Chicago alikuwa na wateja, lakini marafiki aliwakosa. Wakakubaliana kukutana kwa zamu, leo ofisini kwa huyu, siku nyingine kwa yule, na kwa sababu ya kule kuzunguka wakajiita Rotary. Walitaka kila kazi iwe na mtu wake, ili wasijikute watu wa biashara moja wakagombea wateja.

Mwanzoni walisaidiana wao kwa wao tu, kama sisi tulivyoanza kwa kuuza kahawa yetu pamoja. Haukupita muda mrefu wakaona kwamba haitoshi. Mwaka 1907 wakaanza kuihimiza serikali ya mji ijenge vyoo vya umma, kwani mtu aliyekuja mjini hakuwa na pa kujisitiri ila aingie kilabuni anywe, au dukani anunue. Wenye viwanda vya pombe walipinga, na wenye maduka makubwa nao walipinga, maana kila mmoja alikuwa akifaidika na shida ile. Vyoo vikajengwa hata hivyo. Huenda mtu akacheka kwamba jumuiya iliyoenea dunia nzima ilianza utumishi wake na choo. Sisi hatukucheka. Tunalijua ghala moja katika eneo letu ambalo wakulima husimama foleni tangu alfajiri kungoja mzani, wanawake kwa wazee, na choo hakuna.

Katika Afrika Mashariki klabu hizi zilianza Nairobi mwaka 1930, na Dar es Salaam mwaka 1949. Kwa miaka mingi zilikuwa za wanaume peke yao; wanawake waliruhusiwa dunia nzima mwaka 1989, baada ya kesi iliyofika hadi mahakama ya juu kabisa ya Marekani mwaka 1987. Tunalitaja hili kwa makusudi. Klabu iliyotualika iliongozwa na mama, na sisi tuliotumwa tulikuwa wanaume watatu. Halmashauri na ilifikirie hilo.

Sasa twaja kwenye mkutano wenyewe. Tuliambiwa saa saba mchana. Tukafika saa saba na dakika tano, tukidhani tumewahi, tukakuta kengele imekwisha gongwa na watu wameketi. Nyuma yetu aliingia daktari mmoja, mtu mzima mwenye heshima zake, akatozwa faini ya kuchelewa papo hapo; akaitia koponi huku wenzake wakicheka, naye akicheka. Sisi tulisamehewa kwa ugeni wetu. Wageni wakatajwa majina, kisha mweka hazina akasoma hesabu, na hapa tuliinua masikio. Alisoma hesabu mbili. Moja ni ada za wanachama, ambazo hulipia chakula, karatasi na gharama za klabu. Ya pili ni fedha zilizochangwa kwa ajili ya huduma, na katika hiyo hairuhusiwi kuchota hata senti ya chai. Hesabu zote mbili zilisomwa polepole, na mtu aliyeuliza swali alijibiwa bila kutazamwa vibaya.

Baada ya hapo ililetwa habari ya tangi la maji ya mvua walilojenga kwenye zahanati. Mifereji ya paa ilikuwa imefungwa vibaya na maji yalimwagika ukutani. Hakuna aliyetafutwa kulaumiwa. Mjenzi mmoja alisema atakwenda Jumamosi kutazama, karani akaandika jina lake, nasi tulielewa kwamba juma lifuatalo ataulizwa. Ndipo tukapewa dakika ishirini za kusema. Zilipotimia kengele ikalia, na mkubwa wetu alikuwa bado yumo katikati ya habari za makato. Alikaa.

Zamani sheria yao ilikuwa kali: aliyekosa mkutano alitakiwa kuhudhuria klabu nyingine ili kulipa pengo lake. Mwaka 2016 klabu zilipewa uhuru zaidi, mradi zisikutane chini ya mara mbili kwa mwezi. Hawa waliotualika wameshika desturi ya kila juma. Na mikutano hii midogo si mchezo. Mwaka 1979 Rotary ilianza kazi ya kuwachanja watoto wa Ufilipino dhidi ya polio, na mwaka 1985 ikatangaza kampeni ya dunia nzima. Walikusudia kuchanga dola milioni 120. Kufika mwaka 1988 walikuwa wamepata milioni 247. Mwaka ule ugonjwa huo ulikadiriwa kuwapooza watu 350,000, wengi wao watoto, katika nchi zaidi ya 125. Tarehe 25 Agosti 2020 ilithibitishwa kwamba virusi vya asili vya polio vimetoweka katika kanda ya Afrika ya Shirika la Afya Duniani. Serikali na mashirika mengi yalishiriki, lakini wanachama wa klabu za namna hii walikuwamo tangu mwanzo.

Ndugu wanachama, tujitazame. Kuna chama cha msingi kimoja, ambacho hatutakitaja, kilichoitisha mkutano mkuu mara mbili na akidi isitimie. Mara ya tatu walikuja wachache wa kutosha tu, wakapitisha makato mapya kwa kila kilo. Msimu ulipofunguliwa mamia ya wakulima walijua habari hiyo mbele ya mzani, na maneno yaliyosemwa siku ile hayafai kuchapwa kitabuni humu. Walisema wameibiwa. Hawakuibiwa, hawakuwapo. Lakini viongozi nao wana lao. Tangazo lilibandikwa siku mbili kabla, mkutano wa saa tatu ulianza saa sita, na hesabu zilisomwa mbio kama mtu anayekimbia mvua. Mkulima aliyeacha shamba lake akakaa juani saa tatu, mwaka wa pili harudi.

Najua mtasema: wale ni watu wa mishahara na magari, na chakula kipo mezani. Ni kweli, na hatusemi tuwaige kwa kila jambo. Wao hutoa katika ziada yao. Sisi kahawa ndiyo ada ya shule na ndiyo bati la nyumba. Tena ushirika nao una wajibu kwa jamii: kanuni ya saba, iliyokubaliwa na Muungano wa Kimataifa wa Vyama vya Ushirika mjini Manchester mwaka 1995, yasema hivyo.

Kwa hiyo twaomba mambo mawili, nayo tumekwisha kuyaandika kwa Katibu. La kwanza, kila chama cha msingi kiwe na baraza la saa moja kila mwezi, siku isiyobadilika, na hesabu zisomwe polepole. La pili, fedha za huduma ziwe na kitabu chao peke yake, na kazi ya kwanza iwe choo cha ghala lile tulilolitaja.

Chama chetu wenyewe kimekubali kuanza Alhamisi ya kwanza ya mwezi ujao. Kengele tunayo: ni ile rimu ya lori iliyotundikwa mbele ya ghala. Karani ameagizwa aigonge saa tisa kamili alasiri, watu wawe wamefika au hawajafika.