Mavazi ya Mtafuta Kazi
(Hotuba waliyosomewa vijana wa chama, Nyamirambo, Kigali)



Wakubwa wa chama wamenitaka niseme maneno machache juu ya mavazi ya kijana aitwaye kwa usaili wa kazi. Hapana shaka wengine watastaajabu: sheikh na suti, wapi na wapi? Lakini mama mmoja wa mtaa huu alinijia akilia. Alikopa fedha ili amnunulie mwanawe suti ya usaili. Kazi haikupatikana, na deni angali akidaiwa. Kijana mwenyewe aliniambia kwamba koti lilimzidi mabega, na muda wote alipokuwa akiulizwa maswali, mawazo yake yalikuwa kwenye mikono ya koti iliyomfunika vidole. Hakumbuki hata alichojibu. Sidhani kwamba alinyimwa kazi kwa sababu ya koti. Bali koti lilimziba kinywa.

Dini yetu haikulidharau jambo hili. Imepokewa kwamba Sayyidna Umar aliona vazi la hariri likiuzwa mlangoni mwa msikiti, akamshauri Mtume, rehema na amani zimshukie, alinunue, alivae siku ya Ijumaa na wajumbe wajapo. Mtume alilikataa kwa sababu ya hariri yake. Wanazuoni wametuonyesha kwamba desturi ya kujipamba kwa ajili ya wageni hakuikanusha. Kadhalika imepokewa kwamba alimwona mtu mwenye nguo chafu, akauliza kama hakupata cha kuifulia. Angalieni vema: aliuliza habari ya kufua, hakuuliza bei.

Na bei siku hizi ina kisa chake. Zamani tulijisitiri kwa mitumba, ambayo kwa Kinyarwanda huitwa caguwa, nalo ni "chagua" letu lililobadili matamshi. Mwaka 2016 serikali ya Rwanda iliupandisha ushuru wa nguo kuukuu zitokazo ng'ambo kutoka senti 20 za Marekani kwa kilo hadi dola 2 na senti 50, ili viwanda vya nguo vya nchini vikue. Marekani haikupendezwa, na mwaka 2018 ikasimamisha msamaha wa ushuru kwa nguo zitokazo Rwanda. Serikali zina hoja zao. Sisi wa Nyamirambo na Biryogo tuliona tu kwamba koti la mitumba limekuwa ghali, na vijana wanne, warefu kwa wafupi, wakaanza kuazimana suti moja.

Iacheni suti hiyo. Shati safi lisilo na maua, suruali nyeusi, viatu vilivyopigwa rangi na kucha zilizokatwa vyatosha kwa kazi nyingi zitangazwazo hapa mjini. Siku moja kabla, pita jioni mbele ya mahali hapo, uwatazame watokao kazini wamevaaje, nawe uvae mfano wao, ila safi zaidi. Piga pasi usiku, maana asubuhi umeme huweza kukatika. Na mafuta ya udi, ambayo mimi nayapenda mno, yangoje Ijumaa; chumba cha usaili ni kidogo.

Binti mmoja aliniuliza kama auvue ushungi siku ya usaili, kisha auvae akishapata kazi. Nilimwambia, "La, mwanangu. Watamwajiri waliyemwona, kisha wewe utakuja mtu mwingine." Avae wa rangi moja, aubane kwa pini ili mikono isiuchezee, na kama ni kazi ya hospitali au ya mashine, aseme mapema kwamba ncha zake atazitia ndani. Ama kanzu, nimeivaa tangu chuoni, lakini sijamwona aliyepanda ngazi ya ujenzi kwa kanzu akashuka na heshima yake.

Chama kina vyerehani viwili katika chumba kilicho nyuma ya madrasa, na mafundi wawili wazee wamekubali kupunguza na kuongeza nguo bila ujira, Jumanne na Alhamisi baada ya Alasiri. Aliyeitwa kwa usaili aje na nguo aliyo nayo, hata ikiwa ya marehemu baba yake. Uzi nitautoa mimi. Na yule mama tafadhali asiondoke. Wazee wanamngoja baada ya Isha kwa habari ya lile deni.

Wassalaamu alaykum.