Sheria Imepita, Mwalimu wa Wanaoanza Yuko Wapi?

Mwezi wa Februari 2017 Bunge la Rwanda lilipitisha Kiswahili kiwe lugha rasmi pamoja na Kinyarwanda, Kifaransa na Kiingereza, nasi tulilipokea jambo hilo kwa furaha, madhali nchi yetu imo katika Jumuiya ya Afrika Mashariki tangu mwaka 2007, na Mkataba wa Jumuiya, katika kifungu cha 137, umeagiza kwamba Kiswahili kikuzwe kiwe lugha ya mawasiliano baina ya watu wake. Linalotutia wasiwasi sisi wa Kinyinya, hapa Kigali, ni jingine: mwalimu wa wanaoanza yuko wapi?

Aghalabu anayeanza lugha hupewa orodha, kichwa, mkono, mguu, akainakili daftarini kwa hati nzuri, na mwezi ukiisha hawezi kumwambia mganga kwamba mkono wake unamwuma. Maneno anayo, sentensi hana. Mwenye kuanza Kihispania hawezi kukaa hivyo kwa muda mrefu, kwani mapema tu hulazimika kujua kwamba kitabu huhesabiwa cha kiume na meza ya kike, el libro, la mesa, na kwamba kitenzi hugeuka mwishoni, el niño llora akilia mtoto mmoja, los niños lloran wakilia wengi; na kwa Mnyarwanda mambo hayo yote ni mageni. Ilhali sarufi ya Kiswahili, kwa sehemu kubwa, amezaliwa nayo. Umwana wanjye ararira: mtoto wangu analia. Abana banjye bararira: watoto wangu wanalia. Upatanisho unakaa mwanzoni mwa neno, kwetu na kwa Waswahili, na anayefundisha akianzia hapo atamwokolea mwanafunzi wake taabu ya miezi mingi. Zipo hatari pia, maana umuti wetu ni dawa, na mti wa Mswahili kwetu ni igiti, na kwa ajili ya hatari kama hizo ndipo tunapouliza tena: mwalimu yuko wapi?

Juu ya kilima hiki hiki, tangu miaka ya 1960 hata mwaka 2015, ilisimama milingoti ya Deutsche Welle, idhaa ya Ujerumani, ikapeleka Kiswahili hewani. Na idhaa hiyo ilizoea kuwafundisha wasikilizaji wake Kijerumani kwa masomo mafupi ya redio, mazungumzo, kisha sarufi kidogo, kisha marudio. Mitambo ya Kinyinya imezimwa, lakini njia ile haikuzimwa pamoja nayo. Tunaomba robo saa redioni kila siku. Tunaomba mwalimu.

Fauka ya hayo, kwa miaka mingi Kiswahili kilidhaniwa humu nchini kuwa ni lugha ya sokoni na ya Waislamu wa Biryogo, mtaa wa Kigali, na watu wakaona haya kukisema mbele ya wageni wa heshima. Dhana hiyo imetugharimu, kwa kuwa wazee wale wale waliodharauliwa ndio waliokihifadhi vibarazani mwao bila mshahara wala shukrani. Mwalimu yuko wapi? Yuko Biryogo, na hajaitwa.

Basi aitwe! Shime, enyi wakuu wa shule, waalikeni wazee hao madarasani kabla vitabu havijafika. Shime, wazee wetu, msikatae, hata kama mwaliko umechelewa. Nanyi mnaoanza, msingoje mtaala: jioni hii mwendeeni jirani anayekijua Kiswahili, mkamwambie sentensi mbili, moja ya mtoto mmoja na moja ya watoto wengi, na akiwasahihisha msione haya, zirudieni mbele yake mpaka aridhike, na kesho mwendeeni tena kwa sentensi nyingine.