Mzee wa salopeti ya buluu

Maneno yaliyosemwa mbele ya memba, mkutano wa Machi 2016, Goma



Tumeomba nafasi kidogo mbele ya ripoti ya makuta, juu ya kifo cha mtu ambaye hakuwahi kufika Goma. Peter Lustig alikufa kule Ujerumani tarehe 23 Februari, akiwa na miaka 78. Wale waliorudi kutoka Tanzania ao Uganda watauliza: huyo ni nani? Lakini sisi tuliokaa Ujerumani, habari ilipotufikia kwa simu, kila mumoja alimwita mwenzake.

Alikuwa mwenye kipindi cha watoto katika televisheni. Kilianza 1979 kwa jina la Pusteblume, kisha kikaitwa Löwenzahn. Löwenzahn ni ua la njano la porini, na jina lenyewe maana yake ni jino la simba. Kila kipindi kilianza na lile ua linapasua lami ya barabara na kutoka. Halafu unamuona Peter: miwani ya mviringo, kichwa hakina nywele nyingi, salopeti ya buluu. Aliishi ndani ya gari la mbao la wajenzi, lile la magurudumu, katikati ya bustani. Jirani yake, Bwana Paschulke, alijifanya anajua yote. Basi Peter anajiuliza kitu kimoja tu: mkate unatoka wapi? Maji machafu yanaenda wapi? Anafungua, anapasua, anakosea, anaanza tena. Mwishoni anawaambia watoto wazime televisheni. Wapi mtu wa televisheni anasema vile?

Sisi tulimuona katika nyumba ya wakimbizi, familia nzima chumba kimoja, tunangojea karatasi. Ruhusa ya kufanya kazi, hakuna. Kusafiri mbali, hakuna. Watoto walikaa chini, na sisi wakubwa nyuma yao, tunajifanya hatuangalii. Kweli ni kwamba Kijerumani chetu cha kwanza tulipewa na yeye, sababu alisema polepole na alionyesha kitu kwa mkono. Msumari, ndoo, waya. Kule ofisini tulisemeshwa kama watoto. Yeye alisema na watoto kama watu wakubwa, na sisi tulipata faida humo humo.

Mbele ya kuwa mtu wa televisheni alikuwa fundi wa redio. Alikuwa fundi wa sauti katika redio ya jeshi la Marekani mjini Berlin, hata hotuba ya Kennedy ya 1963 pale Berlin alikuwa kwenye mashine ya kurekodi. Tulipojua hivyo tulicheka: ndiyo maana anatengeneza kila kitu na vipande! Kumbe huyu mzungu anajua artikle 15 vizuri kutushinda.

Sasa tuje kwa jambo lenyewe. Mfadhili mumoja ametuandikia kwa heshima na kuuliza kwa nini makuta iliyotoka kwa ajili ya mbuzi na mbegu inaingia pia katika vinegre, buji na batri za siku ya posho. Ni swali la haki. Memba wengine wanaliuliza pia, lakini kwa sauti ya chini.

Munajua mazuku. Wazee wetu waliita upepo mubaya, na walikuwa na haki. Ni gazi inayotoka ndani ya udongo wa volkano, haina rangi, na ni nzito kushinda hewa, kwa hiyo inalala mahali pa chini: katika shimo, katika bonde dogo, ndani ya nyumba iliyojengwa chini. Asubuhi na mapema ni hatari zaidi, sababu usiku hakuna jua wala upepo wa kuitawanya. Mtu mukubwa anapita na kichwa chake kiko juu. Mtoto anainama kuokota kuni, ndiye anaanguka. Miaka mitatu iliyopita tulizika mtoto wa mwenzetu namna ile, na wengi walisema ni uchawi. Mama mumoja mzee alifukuzwa nyumbani kwake.

Kisha hapo mumoja wetu alikumbuka Peter. Tulichukua bikarbonati, tukamwaga vinegre juu yake ndani ya jagi. Povu linapanda, gazi inabaki. Tukainamisha jagi juu ya beseni lenye buji inawaka, bila kumwaga maji hata tone. Buji ikazima. Watoto walinyamaza. Halafu wakaomba turudilie, mara saba.

Novemba iliyopita, kijana wa miaka tisa, wa darasa hilo, alikuta mbuzi wawili wa baba yake wamelala chini ya shimo njiani. Mdogo wake alitaka kushuka kuwaamsha. Yule kijana alimshika shati, akakaa juu akipiga kelele mpaka watu wakafika. Mbuzi walikuwa wamekufa. Baba yake yuko hapa, ameketi nyuma, na hapendi tumtaje.

Hao mbuzi wawili walitoka katika ule ule mpango wa mbuzi. Mfadhili wetu ataona hesabu hiyo katika ripoti.

Kura itapigwa kisha ripoti ya makuta. Tunaomba siku ya posho ibaki mwaka mmoja tena, na darasa lifike Sake mara moja kwa mwezi. Tunahitaji jagi la pili, buji, na mtu mwenye pikipiki. Na mwenye redio ya kufa nyumbani, asiitupe, atuletee: watoto wanataka kuona ndani.