Motokaa Moja na Hati Zake
(Hotuba iliyosomwa mbele ya wanachama)



Sisi tulio makarani siku zetu zapita katika nambari, tarehe na faili, na mara nyingi twaambiwa ya kuwa kazi hiyo ni wino mtupu. Leo twapenda kuwasimulia habari za motokaa moja ya Marekani, mpate kuona thamani ya wino huo.

Motokaa hiyo ni Ford Mustang ya rangi ya kijani. Mwaka 1968 ilionekana katika sinema iitwayo Bullitt, ikiendeshwa na mchezaji Steve McQueen, ikifukuza watu waovu juu ya vilima vya mji wa San Francisco. Zilikuwa mbili za namna moja: moja ya kurushwa na kugongwa, na moja ya kupigwa picha kwa karibu.

Hii ya pili iliuzwa kwa mtumishi wa kampuni ya sinema, kisha ikawa mali ya mpelelezi wa polisi. Mwaka 1974 ikatangazwa gazetini, naye mtu wa New Jersey akainunua kwa dola 6,000. Mkewe, aliyekuwa mwalimu, akawa akienda nayo shuleni. Mwezi wa Desemba 1977 McQueen mwenyewe alimwandikia barua akimsihi amrudishie, akiahidi kumtafutia Mustang nyingine badala yake. Bwana yule hakukubali. Lakini barua hakuitupa.

Mwaka 1980 klachi iliharibika, motokaa ikawekwa bandani. Ikakaa huko miaka mingi, ikihama pamoja na jamaa ile, wala ulimwengu haukujua iliko. Mwaka 2014 mwenyewe akafariki, ikabaki kwa mwanawe.

Sasa fikirini, Mabwana. Mustang za kijani ni nyingi, na wako watu waliozipaka rangi kusudi zifanane na ile. Nani angemsadiki kijana asemaye, "Iliyo bandani kwetu ndiyo yenyewe"? Lakini katika chuma chake ilikuwamo nambari 8R02S125559, na chini yake vyuma vilivyoungwa kwa kushikia kamera. Na nyumbani ilikuwamo barua ya mwaka 1977. Mambo hayo yalipolinganishwa, shaka ikaondoka. Januari 2018 kampuni ya Ford ikaionyesha Detroit. Na tarehe 10 Januari 2020, katika mnada wa Kissimmee, Florida, ikauzwa kwa dola 3,400,000, nazo zilipoongezwa ada za mnada zikawa 3,740,000. Haikupakwa rangi upya, wala haikung'arishwa.

Ile ya kwanza ilidhaniwa kuwa imevunjwavunjwa zamani. Mwaka 2017 habari zake zilitokea Mexico, nayo pia ilitambulikana kwa nambari yake.

Basi, kilicholipiwa mnadani si chuma peke yake. Mustang nyingine ya mwaka ule ule, yenye injini ile ile, hupata sehemu ndogo tu ya fedha ile. Kilicholipiwa ni majina ya wenyeji wake, yaliyofuatana bila kukatika, kila moja na ushahidi wake.

Je, sisi? Mchana kutwa twatunza hati za watu wengine, lakini stakabadhi za viwanja vyetu ziko wapi? Nyingine zimechakaa mfukoni, nyingine zimefungiwa karanga. Karani akifa leo, mjane wake ataonyesha nini mbele ya ndugu wanaodai nyumba? Wazee walisema, mali bila daftari hupotea bila habari. Hasara hiyo haimpati marehemu, yawapata watoto.

Kwa hiyo twawaomba kila mmoja wetu afungue faili moja nyumbani kwake: hati ya kiwanja, risiti za bati na saruji, kitabu cha akiba, na barua zote zihusuzo mali. Kisha amwonyeshe mkewe na mtoto wake mkubwa mahali inapowekwa, kwani faili ijulikanayo na mtu mmoja tu hufa pamoja naye. Kazi hiyo ni ya Jumapili moja, na ujuzi wake tunao tayari.